DRM na video za mtandaoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Umelipia huduma, intaneti ina kasi, lakini skrini ni nyeusi, au picha ina ukungu kama imetazamwa kupitia glasi chafu. Mara nyingi hapo anayezuia ni DRM, yaani usimamizi wa haki za kidijitali. Hatuelezi hapa namna ya kuuvunja ulinzi huo. Tunaeleza namna mteja aliyelipa anavyoweza kupata alicholipia, na kwa nini wakati mwingine hawezi.

Nikibonyeza "cheza", DRM inafanya nini hasa?

Video unayotazama imekatwa vipande vya sekunde chache chache, kwa kawaida kati ya 2 na 10, na kila kipande kimesimbwa, yaani kimefungwa kwa siri, kwa njia iitwayo AES yenye ufunguo wa biti 128. Vipande hivyo vinaweza kufika kwenye kifaa chako vyote, vikakaa, visikufae kitu. Kinachokosekana ni ufunguo.

Kichezeshi kinasoma faili la maelezo ya video na kukuta namba ya utambulisho wa ufunguo unaotakiwa. Namba hiyo inakabidhiwa kwa moduli ya kusimbua, ambayo unaweza kuifikiria kama king'amuzi kidogo kilichomo ndani ya kivinjari, simu au televisheni. Moduli inaandika ombi, inalitia saini kwa cheti cha kifaa, na ombi linakwenda kwenye seva ya leseni. Seva inajiuliza: akaunti hii imelipiwa? Iko nchi gani? Skrini ngapi zinatazama kwa sasa? Na kifaa hiki kinalinda funguo zake kwa kiwango gani? Ikiridhika, inarudisha leseni yenye ufunguo uliofungwa kwa namna ambayo kifaa hicho peke yake ndicho kinaweza kuufungua, pamoja na masharti: tumia hadi lini, toa picha kwenye skrini ya aina gani.

Yote hayo huisha ndani ya sekunde moja au mbili. Leseni yenyewe ni kilobaiti chache tu, kwa hiyo DRM hailimalizi bando lako.

Jambo la kushika hapa ni hili: filamu moja inaweza kuwa na funguo kadhaa, mmoja wa ubora wa chini, mwingine wa HD, mwingine wa 4K. Seva inaweza kukupa wa kwanza na kukunyima waliobaki. Hapo hutaona ujumbe wa kosa wowote. Picha itacheza, ila ya hafifu, na wewe utaulaumu mtandao bure. Tunaona hilo ni kosa kwa upande wa watoa huduma. Anayelipia kifurushi cha 4K anastahili kuambiwa waziwazi kwamba kifaa chake kimenyimwa ufunguo.

Nitajuaje kama tatizo ni DRM au ni kasi ya intaneti?

Tazama tabia ya picha. Mtandao ukiwa dhaifu, ubora hupanda na kushuka: unaanza na ukungu, unasafika, mara unarudi nyuma, mara kiduara kinazunguka. DRM ikikubana, ubora hukwama mahali pamoja, kwa mfano 480p, 540p au 720p (idadi ya mistari ya pikseli; namba ikiwa kubwa picha ni safi zaidi), tangu mwanzo hadi mwisho, hata saa tisa usiku mtandao ukiwa mtupu.

Netflix kwenye kompyuta ina dirisha la takwimu: bonyeza Ctrl, Alt, Shift na D kwa pamoja filamu ikiwa inacheza. Litaonyesha idadi ya pikseli na kasi ya video kwa wakati huo. Netflix yenyewe inapendekeza Mbps 5 (megabiti kwa sekunde) kwa 1080p na Mbps 15 kwa 4K. Ukiwa na Mbps 40 na namba za pikseli zimegoma kusogea, acha kuhangaika na ruta.

Kipimo kingine chepesi ni kucheza video isiyolindwa, kama ile uliyoirekodi na kuipandisha mwenyewe, kwa ubora wa juu kwenye kifaa kilekile. Ikicheza safi, skrini na mtandao havina hatia.

Widevine, PlayReady na FairPlay ni nini?

Ni mifumo mitatu mikubwa ya DRM. Widevine ni ya Google tangu 2010, nayo iko Android, Chrome na Firefox. PlayReady ni ya Microsoft: Windows, Edge, Xbox na televisheni janja nyingi. FairPlay ni ya Apple, kwa iPhone, iPad, Mac kupitia Safari, na Apple TV. Kwa kuwa kuna kiwango cha pamoja cha usimbaji, ISO/IEC 23001-7, mtoa huduma anaweza kusimba faili mara moja na kila mfumo ukalifungua kwa leseni yake.

Vivinjari huzungumza na mifumo hiyo kupitia kiwango kiitwacho Encrypted Media Extensions, kilichopitishwa na W3C, chombo kinachoweka viwango vya wavuti, tarehe 18 Septemba 2017. Shirika la EFF, linalotetea haki za watumiaji wa mtandao, lilijiondoa W3C siku hiyohiyo kwa kupinga uamuzi huo. Kabla ya hapo ulilazimika kusakinisha programu-jalizi kama Silverlight.

Wewe huulizwi unataka mfumo upi. Unauchagua bila kujua, pale unapochagua kivinjari.

Simu yangu ni mpya na kioo chake ni kizuri. Mbona filamu inaishia 480p?

Kwenye Android, ulizia kiwango cha Widevine. L1 maana yake ni kwamba ufunguo unafunguliwa na picha inachakatwa ndani ya sehemu salama ya prosesa, mahali ambapo hata mfumo wa simu wenyewe hauwezi kuchungulia. L3 maana yake kazi hiyo inafanywa na programu ya kawaida. L2 ipo katikati, lakini ni nadra kukutana nayo. Huduma nyingi hutoa HD kwa L1 peke yake; L3 hupewa ubora wa chini.

Kuangalia, fungua mipangilio ya programu ya Netflix, nenda sehemu ya uchunguzi, kisha maelezo ya uchezaji. Kuna mstari wa Widevine. Kama huna Netflix, programu ya bure iitwayo DRM Info inaonyesha vilevile.

Ukikuta L3, sababu huwa moja kati ya hizi tatu. Ya kwanza, mtengenezaji hakuweka funguo za L1 kiwandani, jambo la kawaida kwa simu na visanduku vya televisheni vya bei nafuu, na hakuna sasisho la kawaida la kuliponya. Hata simu ya bei ya juu inaweza kukosa: OnePlus 5 na 5T zilitoka 2017 bila L1, na wenye simu hizo walipoahidiwa marekebisho ilibidi wazipeleke kwa kampuni, maana funguo haziwezi kutumwa hivihivi hewani. Ya pili, butiloda, yaani programu inayoamsha simu, imefunguliwa, au simu imerutiwa, yaani mtumiaji amejipa mamlaka yote ya mfumo. Simu nyingi hapo hushuka zenyewe kutoka L1 hadi L3, na programu nyingine hata hazionekani dukani. Kufunga butiloda na kurudisha mfumo halisi wa kiwandani mara nyingi hurudisha L1, lakini kumbuka kwamba kufunga kunafuta kila kitu kilichomo kwenye simu. Ya tatu, sasisho la mfumo limeharibu hifadhi ya funguo. Hiyo ni kazi ya mtengenezaji, mwandikie.

Kabla ya kununua kisanduku cha televisheni, usiridhike na neno "4K" lililoandikwa kwenye boksi. Linaeleza prosesa inaweza kuchora pikseli ngapi, halisemi chochote kuhusu leseni. Tafuta kwenye orodha ya mtoa huduma kama modeli hiyo imeidhinishwa.

Kompyuta ni ileile. Kwa nini kivinjari kimoja kinatoa picha safi kuliko kingine?

Kwa sababu ya mahali ufunguo unapofunguliwa. Chrome na Firefox kwenye kompyuta kwa kawaida hutumia Widevine ya programu, sawa na L3 ya simu. Edge kwenye Windows inaweza kutumia PlayReady inayoegemea ulinzi wa kadi ya grafiki, na Safari kwenye Mac inatumia FairPlay. Ndiyo maana kupata 4K ya Netflix kwenye Windows kunahitaji Edge au programu yao, pamoja na nyongeza ya HEVC, njia ya kubana video, kutoka duka la Microsoft. Kwenye Mac unahitaji Safari, macOS 11 au mpya zaidi, na kompyuta yenye chipu ya usalama ya T2 au prosesa ya Apple.

Kwenye Linux mambo ni magumu zaidi. Widevine ipo, lakini ni ile ya programu, na huduma nyingi hazitoi zaidi ya HD. Nyingine hazitoi hata hiyo. Vivinjari vidogo vilivyojengwa juu ya Chromium, msingi huria wa Chrome, navyo hukwama mara kwa mara, kwa sababu seva nyingine zinataka kivinjari chenye saini inayothibitisha kwamba hakijachezewa. Kivinjari hicho kinaweza kuwa kizuri na salama kabisa, kikakataliwa tu kwa kukosa saini.

Kompyuta inacheza vizuri, lakini nikichomeka HDMI kwenda televisheni skrini inakuwa nyeusi. Kwa nini?

Hapo umekutana na HDCP, ulinzi uliobuniwa na Intel kwa ajili ya waya wenyewe. Leseni inaweza kuagiza kwamba picha isitoke kwenye kifaa mpaka upande wa pili uthibitishe kuwa nao una HDCP. Kila unapochomeka waya, vifaa viwili husalimiana na kubadilishana vyeti. Salamu isipoitikiwa, picha huzimwa au kushushwa ubora. HD hutosheka na HDCP 1.4. 4K hudai 2.2 au zaidi.

Na salamu hiyo hupita kwenye kila kifaa kilicho njiani. Chukua mpangilio huu: kompyuta, adapta ya USB-C, spika za sinema zinazopitisha HDMI, kisha televisheni. Televisheni ina 2.2, kompyuta ina 2.2, lakini spika ni za zamani na zina 1.4. Mnyororo mzima unahesabiwa 1.4, na 4K imekwenda. Tiba ni kuunganisha kompyuta moja kwa moja na televisheni, halafu sauti irudi kwenye spika kwa njia ya ARC (sauti inayorudi kupitia waya uleule wa HDMI) au waya wa nuru.

Fanya uchunguzi kwa mpangilio huu. Zima vifaa vyote na uvichomoe umeme kwa dakika moja, kisha washa televisheni kwanza, chanzo cha picha baadaye. Salamu nyingi zilizokwama hupona hapo. Ondoa kila kilicho katikati: kigawanyo cha HDMI, adapta, kifaa cha kurekodia. Jaribu tundu jingine la televisheni, kwani televisheni za mwanzo za 4K zilikuwa na HDCP 2.2 kwenye tundu moja au mawili tu, na si ajabu mtu akatumia lile lisilo nayo kwa miaka. Kama kompyuta ina skrini mbili, chomoa ya pili, maana skrini kongwe inaweza kuiharibia ile mpya. Sasisha draiva ya kadi ya grafiki. Mwisho badilisha waya. Waya hausemi HDCP wenyewe, lakini ukiwa mbovu au mrefu mno hukatiza salamu, na dalili yake ni picha inayozimika kwa sekunde mbili tatu na kurudi.

Adapta za VGA usizitarajie. VGA ni analogi, haina mahali pa kubebea HDCP, na projekta za zamani huangukia hapo.

Naambiwa sehemu fulani ya kivinjari haipo, au kosa M7701-1003. Nifanye nini?

Kosa hilo la Netflix kwa kawaida linahusu moduli ya Widevine: haijapakuliwa, imeharibika au imezuiwa.

Kwenye Chrome, andika chrome://components kwenye upau wa anwani, tafuta Widevine Content Decryption Module. Ukiona toleo 0.0.0.0, haijapakuliwa, bonyeza kitufe cha kuangalia sasisho, kisha funga Chrome kabisa na uifungue tena. Ikigoma, funga Chrome, nenda kwenye folda ya data za mtumiaji, futa folda ndogo iitwayo WidevineCdm, fungua Chrome na urudie sasisho. Pita pia chrome://settings/content/protectedContent uhakikishe tovuti zimeruhusiwa kucheza maudhui yaliyolindwa.

Kwenye Firefox, fungua mipangilio, sehemu ya jumla, weka alama kwenye mstari wa kucheza maudhui yenye DRM. Kisha nenda about:addons, upande wa programu-jalizi, uone kama Widevine imewashwa. Subiri dakika chache, inajipakua yenyewe.

Moduli ikiendelea kutopakuliwa, shuku programu ya kuzuia virusi au kichujio cha mtandao wa kazini. Jaribu kwa intaneti ya simu: ikipakuliwa, umempata mkosaji.

Saa ya kifaa inahusiana vipi na video?

Sana. Leseni ina muda wa kuanza na kuisha, na vyeti vya usalama vya tovuti vina muda pia. Kifaa kilichoishiwa betri na kuamka kikiwa na tarehe ya miaka iliyopita kitakataliwa. Weka saa ijipange kwa mtandao. Kuirudisha nyuma ili leseni iliyokwisha ifufuke hakusaidii: mifumo hii hutambua saa iliyochezewa, na unaweza kupoteza hata leseni zilizokuwa hai.

Kwa nini nikipiga picha ya skrini natoka na mraba mweusi?

Picha iliyolindwa huchorwa kwenye tabaka lake la pekee, ambalo programu ya kupiga picha ya skrini haina ruhusa ya kulisoma. Macho yako yanaona filamu na maandishi ya chini kwa pamoja. Simu inaona maandishi na tundu jeusi. Ndicho kinachotokea pia unaposhiriki skrini kwenye mkutano wa video. Kifaa chako hakijaharibika.

Hili linawaumiza watu wenye sababu njema: mwalimu anayetaka kuonyesha fremu moja darasani, mhakiki, mtu mwenye uoni hafifu anayetumia programu ya kukuza au kubadili rangi za skrini. Mwenye uoni hafifu ajaribu ukuzaji uliomo ndani ya mfumo wa simu au televisheni, kwa kuwa huo mara nyingi hufanya kazi pale programu za nje zinaposhindwa.

Nimepakua filamu ili nitazame bila intaneti. Mbona imekataa?

Kupakua kunakupa vitu viwili: faili lililosimbwa na leseni yenye tarehe ya mwisho. Faili linabaki, leseni inakufa. Kila huduma ina saa zake. Filamu ya kukodi kwa Apple, kwa mfano, unayo siku 30 za kuianza, na ukishaianza saa 48 za kuimaliza. Kwenye Netflix, baadhi ya vipakuliwa huisha saa 48 baada ya kuanza kutazamwa. Kosa la kawaida ni kuionja filamu dakika mbili nyumbani "kuhakikisha inacheza", kumbe saa zimeshaanza kuhesabu kabla hujafika hata uwanja wa ndege. Ukitaka kuhakikisha, jaribu kwa filamu nyingine.

Kuhamisha kadi ya kumbukumbu kwenda simu nyingine hakufanyi kazi, kwa sababu ufunguo umefungwa kwa simu ya kwanza. Kufuta data za programu au kuiondoa kunafuta leseni zote pamoja na faili. Fungua programu ukiwa na intaneti siku moja kabla ya safari, upyaishe kila kinachokaribia kuisha, kisha weka simu katika hali ya ndegeni na uhakiki orodha.

Nikisafiri nje ya nchi, kwa nini orodha ya filamu inabadilika?

Haki za filamu huuzwa kwa nchi moja moja, na seva ya leseni hufuata mikataba hiyo. Ndani ya Umoja wa Ulaya, kanuni ya 2017/1128 inazitaka huduma za kulipia zikuruhusu kutazama orodha ya nchini kwako unapokuwa safarini kwa muda katika nchi nyingine mwanachama. Ilianza kutumika 1 Aprili 2018. Ukitumia VPN, hata kwa usalama tu, huduma inaweza kukukatalia au kukuonyesha orodha finyu. Izime kwanza kabla ya kutafuta kosa kwingine.

Televisheni yangu ilikuwa inacheza, sasa programu imegoma. Imeharibika?

Huenda ni nzima. Vyeti na funguo huzeeka, na mtengenezaji akiacha kutoa masasisho, kifaa kizima hubaki na utambulisho usiokubalika. Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya televisheni za Samsung za 2010 na 2011 na vifaa vya mwanzo vya Roku. Paneli zilikuwa bado zinang'aa. Katika hali hiyo usitupe televisheni, ongeza kisanduku kidogo kilichoidhinishwa kwenye tundu la HDMI.

Na usikimbilie kurudisha mipangilio ya kiwandani. Machi 2025 Chromecast za kizazi cha pili, vifaa vya Google vya kurushia video kwenye televisheni, zilikataa kupokea video kwa sababu cheti cha kuthibitisha kifaa kilikuwa kimemaliza muda wake. Si DRM yenyewe, lakini ni ndugu yake. Google ilitoa sasisho na kuwaonya watu wasifute mipangilio. Waliokuwa wameshafuta walipata shida zaidi ya waliosubiri.

Nikibonyeza "nunua", filamu ni yangu?

Unachonunua ni leseni ya kutazama kupitia huduma hiyo. Huduma ikifungwa, au haki zikihama, ufunguo unaweza kukosa wa kuutoa. UltraViolet, hifadhi ya pamoja ya filamu zilizonunuliwa, ilifungwa 31 Julai 2019, na wateja waliambiwa waunganishe akaunti zao na wauzaji ili wasipoteze filamu zao. Filamu unayoipenda kweli, inunue kwenye diski.

Kuvunja DRM ni kosa hata kama nimelipia?

Katika nchi nyingi, ndiyo. Mkataba wa 1996 wa WIPO, shirika la kimataifa la haki miliki, unazitaka nchi wanachama zilinde vizuizi vya kiufundi. Marekani ilifanya hivyo kwa sheria ya hakimiliki iitwayo DMCA ya 1998, Umoja wa Ulaya kwa agizo la 2001/29. Misamaha ipo, lakini ni finyu na inatofautiana nchi kwa nchi.

Nikiandikia huduma kwa wateja, niwape taarifa gani?

Ukisema tu "haichezi" utarudishiwa jibu la kuzima na kuwasha. Andika namba ya kosa neno kwa neno, jina la filamu, na saa kamili ya tukio pamoja na ukanda wa saa, ili wakutafute kwenye kumbukumbu za seva. Ongeza modeli ya kifaa, toleo la mfumo na la programu, kiwango cha Widevine kama ni Android, na idadi ya pikseli uliyoiona. Orodhesha kila kilicho kati ya kifaa na skrini. Taja kama filamu nyingine inacheza kwenye kifaa hicho, na kama filamu hiyo inacheza kwenye kifaa kingine kwa akaunti ileile. Hayo mawili ya mwisho ndiyo humwonyesha fundi kama leseni imekataliwa kwa sababu ya akaunti au kwa sababu ya kifaa.